Uzi: Kukaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni, madhara yake mwilini na namna ofisi zetu za Nyanda za Juu Kusini zinavyoweza kuyapunguza

Loleza, Mbeya (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Katika ofisi nyingi za hapa Mbeya, mtu akilalamika kiuno huambiwa kwamba ni baridi au ni figo, kisha hutajiwa dawa ya kuchua na kuachwa aendelee na kazi. Ni nadra mno kuulizwa ameketi tangu saa ngapi bila kuinuka. Nafungua uzi huu kwa sababu naamini swali hilo ndilo lingetangulia, na kwa sababu wanaojipatia riziki kwa kukaa ni wengi kuliko tunavyodhani: karani wa halmashauri, mhasibu, keshia wa benki, katibu muhtasi, wakala wa fedha ndani ya kibanda chake, hata fundi cherehani wa Mwanjelwa.

Ninalotaka kulieleza ni kwamba kinachodhuru zaidi ni saa zinazounganika bila kukatizwa, hasa kwa mtu ambaye amekwisha kupoteza mwendo mwingine wote wa siku yake. Kiti tumekuwa nacho siku zote. Kilichobadilika ni kwamba mambo yaliyokuwa yakituinua kitini yameondoka moja baada ya jingine.

Jambo hili si geni kwa madaktari. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aitwaye Jeremy Morris, pamoja na wenzake, alichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi hayo yalikuwa ya ghorofa. Dereva aliketi zamu nzima, ilhali konda alipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Walikuwa chini ya mwajiri mmoja na maisha yao yalifanana kwa mengi, lakini madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makonda, na vifo vya ghafla vilikuwa vingi zaidi kwao. Watafiti haohao waliona mwelekeo kama huo kwa watumishi wa posta: waliopeleka barua kwa miguu na kwa baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani na wapokea simu. Wapo waliohoji, na walikuwa na haki ya kuhoji, kwamba huenda watu wanene ndio waliochagua udereva. Morris mwenyewe mwaka 1956 alionyesha kwa vipimo vya sare kwamba suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makonda. Hata hivyo unene peke yake haukutosha kueleza tofauti ile, na tafiti nyingi zilizofuata katika nchi mbalimbali zimeelekea upande uleule.

Sababu zake zinaeleweka. Mtu anapotembea, misuli mikubwa ya mapaja, makalio na mashavu ya miguu hutumia sukari na mafuta yaliyomo kwenye damu. Anapoketi, misuli hiyo haina kazi, kwa hiyo sukari ya chai na maandazi ya saa nne hubaki kwenye damu kwa muda mrefu zaidi, na kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kuishusha. Hali hiyo ikijirudia kila siku ya kazi kwa miaka mingi, njia ya kuelekea kwenye kisukari cha aina ya pili inakuwa fupi. Mashavu ya miguu yana kazi nyingine tena: kila yanapojikaza huisukuma damu irudi juu moyoni, kama pampu ya kisima inavyopandisha maji, na vali ndogo zilizomo ndani ya mishipa huizuia isishuke. Pampu hiyo ikisimama, damu na majimaji hutuama miguuni. Ndiyo maana viatu vilivyoingia vizuri asubuhi hubana jioni. Kwa watu wachache damu huganda kabisa, na hilo ni jambo la hatari kubwa: mwaka 1940, London ilipokuwa ikishambuliwa kwa mabomu, daktari Keith Simpson aliandika juu ya watu waliokufa ghafla kwa damu iliyoganda na kufika kwenye mapafu, baada ya kukaa usiku kucha kwenye viti ndani ya mahandaki ya kujikinga.

Mgongo nao una habari yake. Kati ya pingili na pingili kuna diski laini ambayo kwa mtu mzima haina mishipa yake ya damu. Hupata lishe kwa majimaji yanayoingia na kutoka kadiri mgongo unavyobadilisha mkao. Mtu aliyejikunja mbele ya kompyuta tangu saa mbili hadi saa saba huibana diski upande mmoja tu kwa muda wote huo. Misuli ya mbele ya nyonga huzoea kujikunja, ya makalio hulegea, shingo hubeba kichwa kilichotangulia mbele, na jioni mtu hushika kiuno akisema amechoka ilhali hakubeba chochote.

Sasa nije kwetu. Miaka ya nyuma, karani aliyehitaji jalada alinyanyuka akaenda masijala, akalipeleka kwa mkuu wake kutiwa saini, akalirudisha. Leo jalada liko kwenye mfumo wa kompyuta, maelekezo huja kwenye simu, na hata swali kwa mwenzetu wa chumba cha pili tunalituma kwa ujumbe. Tarishi ndiye aliyebaki kutembea. Nyumbani kwetu kuna milima, na aliyetoka Isanga au Itiji kwenda mjini kwa miguu alikuwa akipata mazoezi bila kuyaita mazoezi. Sasa bajaji inamchukua mlangoni na kumshusha getini kwa ofisi. Siilaumu bajaji, kwa maana inamwokoa mama mwenye mtoto mgongoni wakati wa mvua. Ninachosema ni kwamba ilichukua kitu ambacho hatukukihesabu kuwa ni mali.

Baridi ya Juni na Julai inaongeza uzito. Madirisha hufungwa, watu hujifunga mashuka miguuni, na kwa kuwa hawasikii kiu hawanywi maji. Asiyekunywa maji haendi chooni, na kwa wengi wetu safari ya chooni ndiyo ilikuwa sababu pekee ya kuinuka kabla ya mchana. Matokeo yake huonekana pia tumboni: choo kigumu, na kwa wengine bawasiri, ambayo watu huificha kwa aibu hadi inapokuwa mbaya.

Kuhusu tiba, habari ni njema kuliko wengi wanavyotarajia. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walionyesha kwamba watu wazima wenye uzito uliozidi, walipoinuka kila baada ya dakika 20 na kutembea polepole kwa dakika 2, walikuwa na sukari na insulini ya chini baada ya kula kuliko siku walipokaa mfululizo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walilinganisha vipindi mbalimbali wakaona kwamba kutembea dakika 5 kila baada ya nusu saa ndiko kulikopunguza zaidi kupanda kwa sukari baada ya chakula, na kwamba hata dakika 1 kila saa ilishusha shinikizo la damu kwa kiasi fulani. Makundi yaliyopimwa yalikuwa madogo, kwa hiyo nisingependa mtu ashikilie dakika hizo kama sheria. Maana yake ni nyepesi: inuka mara kwa mara, hata kwa muda mfupi.

Naomba michango ya wenye uzoefu, hasa wahudumu wa afya.

Kihesa Juu, Iringa

Mkuu Loleza, nashukuru kwa uzi uliotulia. Mimi ni mhasibu hapa Iringa Mjini, na mwisho wa mwezi tunapofunga mahesabu ninaweza kukaa hadi jua linazama. Lakini kila Jumamosi niko shambani Kilolo na jembe mkononi, na tangu mwaka 2016 Serikali ilipohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, nimejitahidi kushiriki. Je, jasho hilo halifuti madhara ya kiti? Nauliza pia kwa sababu nimesoma mitandaoni kwamba kukaa ni sawa na kuvuta sigara, na mimi ninakaa lakini sivuti.

Loleza, Mbeya

Ndugu Kihesa Juu, maswali yako yote mawili ni ya msingi.

La sigara nitalijibu kwanza. Usemi huo umevuka mpaka. Madhara ya sigara ni makubwa mara nyingi zaidi kuliko ya kukaa, na anayelinganisha mambo hayo mawili anampa mvutaji faraja asiyostahili. Tusiogopeshane kwa maneno makali wakati ukweli wenyewe unatosha.

La jembe lina jibu lenye pande mbili. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi uliojumuisha watu zaidi ya milioni moja. Uchambuzi huo ulionyesha kwamba waliokaa zaidi ya saa 8 kwa siku lakini wakafanya mazoezi ya wastani kwa dakika 60 hadi 75 kila siku hawakuwa na ongezeko la hatari ya kufa mapema lililoonekana kwa waliokaa muda huohuo bila mazoezi. Tazama neno "kila siku". Jembe la Jumamosi ni jema, linaimarisha misuli na moyo, lakini kati ya Jumatatu na Ijumaa sukari inapanda na kushuka kila baada ya mlo, na diski za mgongo zinabanwa palepale. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi mazito, aimarishe misuli siku mbili au zaidi, na pamoja na hayo apunguze muda wa kukaa.

Kwa hesabu hiyo, ukipanda kwa miguu kutoka mjini hadi Kihesa kila jioni, mwendo wa haraka unaokufanya uhemee kidogo lakini bado uweze kuzungumza, utakuwa umefanya sehemu kubwa ya kazi bila kulipia chochote. Jambo la kuongeza ni hayo mapumziko madogo ya mchana, hasa siku za kufunga mahesabu.

Muuguzi wa Tukuyu

Nimefurahi kuona suala la figo limetajwa, kwa sababu ndilo linalotusumbua vituoni. Mgonjwa anakuja akisema "figo zinaniuma", akiwa tayari amekunywa dawa za kuua bakteria alizonunua duka la dawa bila kupimwa mkojo. Maumivu yanayozidi unapoketi muda mrefu, yanayopungua unapotembea, na yanayoongezeka unapoinama, kwa kawaida hutokana na misuli na viungo vya mgongo. Ya figo mara nyingi hukaa pembeni chini ya mbavu, hayabadiliki sana kwa mkao, na huweza kuambatana na homa, kichefuchefu au mabadiliko ya mkojo. Kipimo cha mkojo ni rahisi. Mtu apime kabla ya kumeza vidonge.

Naomba wachangiaji wasisahau kwamba kuna maumivu ya kiuno yasiyongojea mazoezi. Ikiwa miguu inapoteza nguvu, ikiwa ganzi imefika sehemu zinazogusa kiti, yaani kati ya mapaja, au ikiwa mtu ameanza kushindwa kuzuia au kutoa haja, aende hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu lake, ukawa na joto kuliko mwingine, au mtu akabanwa pumzi ghafla na kuumwa kifua, asikandwe wala kuchuliwa. Nasisitiza hili la kuchua kwa sababu mkono wa jirani mwenye nia njema unaweza kuliondoa bonge la damu mahali lilipo.

Mafinga Moja

Mimi ni mwalimu, nasimama darasani tangu asubuhi, na naomba niwaambie kwamba kusimama nako si dawa. Miguu yangu ina mishipa iliyovimba, na visigino vinauma. Nawasikia watu wa mijini wakinunua meza za kusimamia kwa fedha nyingi. Je, wanabadilisha ugonjwa kwa ugonjwa?

Loleza, Mbeya

Mwalimu, umesema kweli tupu. Anayesimama mahali pamoja bila kusogea hatumii pampu ya mashavu ya miguu ipasavyo, na uzito wote wa damu unashuka kwenye mishipa. Mwili unataka kubadilishiwa mkao. Wewe tafuta nafasi za kuketi wakati wanafunzi wanaandika, tembea katikati ya madawati badala ya kuganda mbele ya ubao, na ukifika nyumbani inua miguu juu kuliko usawa wa moyo kwa muda. Sisi wa ofisini tufanye kinyume chako. Fundi cherehani anayekanyaga mashine kwa miguu, kwa mfano, ana nafuu fulani ya mzunguko wa damu kuliko karani, lakini shingo yake inaumia zaidi kwa sababu haiinuki kutoka kwenye kitambaa.

Lupembe Chai, Njombe

Mimi nasimamia kitengo chenye watumishi wa kaunta, na ninasoma uzi huu kwa wasiwasi wa kiutawala. Mkulima amesafiri kutoka kijijini tangu alfajiri, amepanga foleni, na anapofika dirishani mhudumu ananyanyuka kwenda kutembea dakika tano kila nusu saa. Nitamwelezaje? Afya ni haki ya mtumishi, lakini na huduma ni haki ya mwananchi.

Loleza, Mbeya

Ndugu Lupembe, hoja yako ni nzito na ndiyo inayokwamisha ofisi nyingi, kwa hiyo nitaijibu kwa urefu.

Kwanza, sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa za kawaida za kazi kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na inamtaka mwajiri ampe mapumziko ya angalau dakika 60 mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5. Saa hiyo moja tumezoea kuila mezani, mkono mmoja ukiwa na kijiko na mwingine kwenye kipanya cha kompyuta. Mkuu wa kitengo anaweza kuanza hapo bila kumnyima mwananchi hata dakika moja: watu wapokezane, na anayepumzika atoke chumbani kweli, akale mahali pengine, azunguke jengo.

Pili, kuinuka hakuhitaji kuacha kazi. Mhudumu wa kaunta anaweza kusimama wakati anamsikiliza mteja mmoja na kuketi kwa anayefuata. Mashine ya kuchapia ikihamishwa kutoka mezani na kuwekwa ukutani upande wa pili wa chumba, kila risiti inakuwa hatua kadhaa. Mtungi wa maji ya kunywa uwekwe koridoni, na wakati wa baridi pawe na maji ya moto. Vikao vifupi vya asubuhi vifanyike watu wakiwa wamesimama. Vitakuwa vifupi kweli. Simu zipokelewe kwa kusimama. Hakuna hata moja kati ya haya linaloonekana na aliye kwenye foleni kama uzembe, na yote yanategemea jambo moja ambalo liko mikononi mwako, yaani mkuu mwenyewe awe wa kwanza kuinuka. Mtumishi wa chini hawezi kunyoosha mgongo mbele ya bosi anayemtazama kana kwamba anatoroka kazi. Nimeliona hilo katika ofisi nyingi, na ninaamini ndilo kizuizi kikubwa kuliko uhaba wa viti vizuri.

Kihesa Juu, Iringa

Umegusa viti. Wengi wetu tumepewa vya plastiki au vya mbao visivyorekebishika. Tufanyeje?

Loleza, Mbeya

Nyayo zote mbili zikae sakafuni. Zisipofika, weka ubao au katoni ngumu chini. Magoti yawe karibu usawa mmoja na nyonga. Kunja khanga au sweta, uiweke nyuma ya kiuno mahali panapoingia ndani. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Anayetumia kompyuta mpakato aiinue juu ya majalada na kutafuta kibodi ya pembeni. Macho nayo yapumzike: kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, kwa sababu mtu akikodolea skrini hupepesa macho mara chache na hukauka. Sisi wa Mbeya tunao mlima dirishani.

Lakini hata kiti cha gharama kubwa hakimwondolei mtu haja ya kuinuka, na nisingependa ofisi itumie bajeti yake kwenye viti halafu iache mambo mengine kama yalivyo.

Makambako Stendi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kazi yangu inanilazimu kusafiri kwa basi hadi Dar es Salaam mara kwa mara, na ni safari ya siku nzima. Dereva hasimami kwa sababu abiria mmoja anataka kunyoosha miguu.

Muuguzi wa Tukuyu

Ndugu wa Makambako, ukiwa umeketi inua visigino huku vidole vikiwa chini, kisha inua vidole huku visigino vikiwa chini, urudie mara nyingi kila baada ya muda; hapo unakaza mashavu ya miguu bila kutoka kitini. Chagua kiti cha pembeni ya njia ukipata, usiweke mzigo chini ya miguu, usivae nguo inayobana nyuma ya magoti, na usijinyime maji kwa kuogopa choo. Basi linaposimama kwa chakula, kula chakula kidogo kwanza halafu tumia dakika zilizobaki kutembea, badala ya kurudi kukaa ndani. Mwenye mimba, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye saratani au aliyewahi kuganda damu amwone daktari kabla ya kupanga safari ndefu, kwa sababu huenda akahitaji soksi maalumu au dawa, na hivyo haviamuliwi jukwaani.